Chapati Nane Mbele ya Lango

Bernadetta Kashaija alikuwa na kovu chini ya jicho la kushoto, na Teodora, mke mwenziwe, alikuwa na sikio moja lisilo na ndewe. Kovu lilitokana na mwiko wa chuma, mwaka wa tisini na nane. Ndewe iliondoka kwa meno ya Bernadetta, mwaka huohuo, juma hilohilo. Aliitema jikoni, kuku wakaigombania, na Teodora akashuhudia kwa macho yake kipande cha mwili wake kikikimbizwa uani na jogoo.

Ndivyo walivyoishi pale Igoma, ua mmoja, nyumba mbili zikitazamana. Bernadetta alitangulia kuletwa, kutoka Muleba, kwa ndoa ya kanisani. Teodora aliletwa baadaye kutoka Ukerewe, bila kanisa, na mimba ya miezi mitano. Mtaani wakaitwa Mama Mkubwa na Mama Mdogo. Mume wao, Elias Mayala, alikuwa fundi wa mageti, mtu wa mikono iliyozoea chuma, na mikono hiyo haikubadilika akiingia nyumbani. Akimpiga mmoja, mwingine aliongeza sauti ya redio. Bernadetta hakuwahi kulionea haya jambo hilo. Aliongeza redio kwa kuwa Teodora naye aliongeza, na wa kwanza kuongeza, kwa kumbukumbu yake, hakuwa yeye.

Watoto walikua, wakatawanyika kwenye miji ya watu. Wazee watatu wakabaki na ua wao.

Mwaka juzi, mwezi wa pili, Elias alikufa akinywa chai. Alikuwa amekaa uani, chapati ya tatu iko mkononi, akasema, "Mbona kuna giza?" kisha akaanguka kifudifudi juu ya sinia. Chai ya moto ikammwagikia shingoni na hakushtuka. Bernadetta ndiye aliyemgeuza. Daktari alisema ni presha, mshipa wa kichwani umepasuka. Mtaa haukutaka habari za mshipa. Mtaa uliuliza swali moja tu: chai ilipikwa na nani?

Ilipikwa na Teodora, kwa kuwa ilikuwa zamu yake. Na Teodora ni mtu wa kisiwani, na watu wa Igoma wana maneno yao juu ya watu wa visiwani, maneno ya kijinga yanayosemwa na watu wenye mvi.

Siku ya tatu ya matanga, Ngosha, mdogo wake Elias, alimburuta Teodora kwa kitenge chake mwenyewe kutoka katikati ya waombolezaji, akampiga mateke ya kiuno. Teodora alikojoa damu siku nne. Ndipo wazee wa ukoo wakaja kutoka Magu kuamua. Walikaa kutwa nzima, wakala mbuzi, jioni wakatoa neno. Kila asubuhi wajane hawa wawili watakula chakula kilekile alichofia marehemu, chai ya maziwa na chapati. Kitapikwa na mdogo. Watakula sahani moja, mbele ya lango, lango likiwa wazi, watu waone. Mkubwa akila na kubaki mzima, mdogo ni safi. Siku mkubwa atakapoukataa mkono wa mdogo, ukoo utakuwa umepata jibu.

Hakuna aliyeuliza ni mpaka lini.

Basi Teodora akapika kama mtu anayetetea roho yake, maana ndivyo ilivyokuwa. Alisukuma chapati za tabaka, mafuta yakitiririka hadi kwenye kiwiko, chai akaijaza sukari mpaka kijiko kikasita. Alijua akipika nyembamba watasema ana la kuficha, na akipika chache watasema anaogopa. Kwa hiyo zilikuwa nane kila siku, nne kwa nne. Bernadetta alimaliza zake zote, kwa kuwa wapita njia hawakumtazama yeye, walitazama sahani. Miaka miwili alikula hivyo, Kwaresima na Pasaka. Magoti yakaanza kulia. Pete ya ndoa ikabidi ikatwe na fundi. Kisha siku moja, akiinua ndoo, kitovu kikamtoka nje kama ngumi ya mtoto, akakirudisha kwa kiganja kama anayefunga mlango.

Kliniki alimkuta muuguzi aitwaye Nice, binti wa Kihaya, mwepesi wa mdomo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Huo mzani wako usinionyeshe. Nimekuja kwa kitovu."

"Kitovu na mzani ni ndugu, mama. Panda."

Akapanda. Nice akainama kusoma. "Mia na tisa na nusu."

"Hiyo nusu iondoe, ni viatu."

Daktari alimbonyeza tumbo, akasema ni ngiri, lazima ikatwe. Ila kwa mafuta yale nyuzi zisingeshika, zingefumuka kama mshono wa gunia. Ashuke hadi tisini na tano kufikia mwisho wa mwezi wa sita, ndipo atakatwa kwa utulivu. "Na utumbo ukijinyonga humo ndani kabla ya hapo," akasema, "tutakupasua siku hiyohiyo na kilo zako zote, na hapo sitakuahidi kitu."

Nice akamkalisha kwenye benchi. "Asubuhi unakula nini, mama?"

"Chapati nne. Chai ya maziwa."

"Kila siku?"

"Kila siku ya Mungu."

"Nani anakulazimisha?"

Bernadetta akatazama ukuta. Hakumwambia. Mambo ya ua wake hayakuwa ya kumwaga mbele ya binti aliyezaliwa jana.

"Sasa sikiliza," Nice akasema. "Usiache kula asubuhi. Watu wanaacha kabisa, ikifika saa nne wanayavamia maandazi. Wewe kula, ila chagua. Yai moja la kuchemsha. Kiazi kitamu, kipande kama ngumi yako. Mchicha mwingi unavyotaka. Papai. Chai ya rangi, sukari usiitazame hata kwenye kopo. Siku nyingine uji mwepesi wa ulezi na dagaa kidogo."

"Na ndizi? Mhaya asile ndizi?"

"Ndizi mbili za kupika, mama. Sikusema mkungu."

Juma la kwanza Bernadetta alijaribu kucheza pande zote. Alikaa langoni kama kawaida, akala nusu chapati, nyingine akazimega na kuzisukuma pembeni. Mzani haukusogea hata kidogo, na tayari mpita njia alishamuuliza, "Mama Mkubwa, mbona unabakiza?" Akaona bora aamue moja. Alikwenda jikoni kwa Teodora, akamkuta anasukuma unga.

"Mdogo wangu, kesho sili."

"Huli nini?"

"Hizo."

Teodora akauweka chini mti wa kusukumia. "Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Zinaniua."

"Weee! Neno hilo usilitamke humu uani, dada! Nitukane, niite jina lolote, ila neno hilo meza!"

Bernadetta akamweleza habari ya ngiri na ya yai la asubuhi, kwa sauti ndogo, akitazama majivu. Teodora alisikiliza, kisha akasema, "Basi mwambie Antoni autangazie mtaa." Antoni alikuwa mwenyekiti wa mtaa wao.

"Nimwendee mwanamume nimwambie kitovu changu kimetoka nje? Apite nyumba kwa nyumba akitangaza tumbo langu?"

"Basi hilo yai nikupikie mimi, tulile palepale langoni."

"Wazee walisema chapati. Ukileta yai watasema umehamisha sumu."

Mkono wa Teodora ulikwenda wenyewe kwenye kiuno, pale palipopigwa mateke. "Na wakinijia?"

"Nani akujie? Miaka miwili imepita. Watu wameshachoka kututazama, wana mambo yao."

"Na wakinijia, dada?"

"Watanipitia mimi kwanza."

Aliyasema hayo jinsi mtu anavyosema karibu chakula, akiwa amekwisha kunawa mikono.

Toka siku hiyo Bernadetta alikula ndani kwake, mlango umerudishwa. Na tuseme kweli, alikula kwa raha. Yai alilimenya polepole. Kiazi alikivunja kikatoa moshi. Mchicha aliukaanga kwa kitunguu na tone la mafuta, papai likaja mwisho. Kwa mara ya kwanza tangu msiba alikula bila macho ya mtu kumhesabia matonge. Teodora naye aliendelea kupika nane zake, akikaa peke yake langoni na vikombe viwili, tangu saa kumi na mbili hadi saa mbili, mtu mzima akisubiri mgeni huku akijua haji. Jua likipanda alizigawa chapati kwa wapita njia. Siku za kwanza walipokea. Baadaye wakawa wanasema wameshiba.

Mia na tano. Mia na moja. Tisini na nane. Mashavu ya Bernadetta yalishuka, lile kovu lililokuwa limezama kwenye nyama likajitokeza tena, gauni likaanza kumning'inia mabegani. Alipita sokoni Igoma kidevu juu. Kabula, muuza dagaa, alimshika mkono kwa mikono yake miwili. "Pole, mama."

"Pole ya nini?"

"Pole tu, mama yangu."

Bernadetta akaondoka akijua ni wivu. Hakujua kwamba mtaa ulikuwa umeshaunganisha mambo yake. Mkubwa ameukataa mkono wa mdogo. Na mkubwa anakauka. Maana yake amegundua, lakini amegundua akiwa ameshachelewa. Wakaipa jina kabisa, sumu ya polepole. Habari ikamfikia Ngosha kule alikokuwa akichomelea mageti, kwenye karakana ya marehemu kaka yake.

Jumamosi ya pili ya mwezi wa sita mzani ulikuwa umesoma tisini na saba. Bado kilo mbili. Saa moja asubuhi Bernadetta alikuwa anamenya yai aliposikia lango likigongwa ukutani, kisha sauti ya chuma juu ya nyama, kisha Teodora akalia mara moja tu, kilio kifupi kilichokatika katikati.

Sauti hiyo aliijua. Kwa miaka yote, ikitoka nyumba ya pili, mkono wake ulikwenda kwenye redio. Safari hii mkono ulichukua kikaango.

Uani walikuwepo watu kama arobaini. Teodora alikuwa chini kando ya sahani, mkono wake wa kushoto umepinda mahali pasipo na kiungo. Damu ilimtoka mdomoni ikachanganyika na vumbi. Ngosha alikuwa amesimama juu yake na bomba la chuma. Shija, fundi baiskeli, alikuwa na tofali. Kabula alikuwa na mchi. Malimi, kijana wa kuziba pancha, alibeba tairi begani, ametulia, kama mtu anayempelekea mteja wake, na aliyekuwa nyuma yake alishika chupa ya petroli.

"Shemeji, rudi ndani," Ngosha akasema. "Tumekuja kukutoa kwenye mdomo wa huyu mchawi."

Bernadetta hakumjibu. Alimfuata mpaka pale alipo, akampiga kikaango cha upande wa kichwa kwa nguvu zake zote. Ngosha akapiga magoti. Sikio likachanika, damu ikamtiririkia kwenye kola. Akamwongeza cha pili, kikampata mdomoni, jino likaruka. Alipoinua cha tatu watu wakamdaka, mikono sita, wakamshika kwa upole, na upole huo ulimtisha kuliko bomba.

"Tulia, mama."

"Siyo yeye huyu, amelishwa dawa ya kumtetea mwenzake."

"Mama, sisi ni wanao."

"Wanangu siwajui!" akapiga kelele. "Hamkunyonya kwangu! Niacheni! Nina ngiri! Daktari amenikataza chapati, nina ngiri, nimepewa tarehe!"

Mtu akacheka kwa huruma. Shija akalirusha tofali, likamgonga Teodora mgongoni likatoa mlio kama wa debe tupu. Jiwe likafuata, na jingine. Ndipo Bernadetta akafanya jambo ambalo asubuhi ileile angeapa ni heri afe kuliko kulifanya. Alijichomoa, akalipandisha gauni mpaka kifuani mbele ya wanaume na wanawake, akawaonyesha kitovu kilichotuna nje, chekundu, kikubwa kama embe.

"Tazameni! Hiki hapa! Ndicho kilichonizuia kula!"

Watu wakarudi nyuma hatua moja. Kisha Kabula akapaza sauti, "Mungu wangu, sumu imeanza kumtoa matumbo!"

Hapo ua ukalipuka. Mchi ulishuka kwenye mguu wa Teodora. Malimi alimvisha tairi shingoni, likamkwama kwenye kidevu, akalikandamiza kwa goti, na harufu ya petroli ikapanda. Teodora hakuwa akilia tena. Alikuwa akimtazama Bernadetta kwa jicho moja lililobaki wazi. Jicho lile halikuomba kitu, lilikuwa linamtazama tu.

Ngosha alisimama akitema damu. "Neno la ukoo lilikuwa moja, shemeji," akasema, maneno yakivuja kwenye pengo la jino. "Umeukataa mkono wake. Jibu tumepata."

Bernadetta akaelewa. Daktari hakuwa na maana pale, wala ngiri, wala uchi wa mwanamke mzima. Watu hawa walikuwa wakingoja kitu kimoja tangu miaka miwili iliyopita.

"Sahani iko wapi?"

Hawakumwelewa. Akaiona mwenyewe, imesukumwa hadi kwenye nguzo ya lango. Chapati zilikuwa nane, moja imekanyagwa. Akaketi vumbini, bega lake likiugusa mgongo wa Teodora, akaivuta sahani mapajani.

"Acheni nile," akasema. "Mtu akiwasha kiberiti kabla sijamaliza, atakuwa ameua mtu ambaye hana hakika naye."

Aliyeshika kiberiti akamtazama Ngosha. Ngosha akafuta mdomo. "Zote nane," akasema.

Akaanza. Ya kwanza ilishuka. Ya pili aliisukuma kwa chai iliyopoa, ikiwa na utando wa maziwa juu. Tumbo lake lilikuwa limesahau kazi hiyo, miezi miwili ya yai na mchicha ilikuwa imelifanya dogo kama la binti. Ya tatu ikamkaba. Watu walikuwa kimya, maana Elias alikufa na ya tatu mkononi. Bernadetta akaimaliza, akawaonyesha kiganja kitupu pande zote, akachukua ya nne. Hiyo ndiyo iliyokuwa imekanyagwa. Alihisi mchanga menoni na ladha ya damu, hakujua ya nani.

Kwenye ya tano maumivu yakaanza. Kitovu kilikaza, kikawa kigumu, kama mtu aliyekunja ngumi humo ndani akakataa kuikunjua. Jasho la baridi likamtoka. Akaona watu wameliona jasho. Malimi akalishika tairi vizuri.

Bernadetta akameza, akageuka kumtazama mwenzake. "Chumvi umezidisha," akasema kwa sauti ya kawaida kabisa.

Kisha kutoka ndani ya tairi, kwa mdomo uliopasuka, Teodora akajibu. "Umezoea mayai ya wagonjwa."

"Hata Elias alikuwa akiisema chumvi yako."

"Elias alikuwa anakula kwako kwa adabu, anakuja kushiba kwangu."

"Akishiba kwako mbona alikuwa anarudi kwangu kuomba maji?"

"Alikuwa anakimbia kukoroma kwako, mwongo wewe."

Nyuma kabisa mtu akacheka, akajaribu kuufunga mdomo, akashindwa. Mwingine akafuata. Mtu na mchawi wake hawagombani hivyo, hivyo wanagombana wake wenza, na kila mmoja pale uani alikuwa na mama yake au shangazi yake aliyegombana vivyohivyo. Shija akakung'uta vumbi mikononi kama aliyemaliza kazi ya mtu mwingine.

"Asile huku anapiga soga," Ngosha akafoka. "Amalize!"

Ya sita. Ya saba. Ya nane aliila akiwa amefumba macho, na sahani akaifuta kwa kidole, akakilamba.

"Sasa tusubiri," Ngosha akasema.

Wakasubiri afe. Watu arobaini walisimama uani mwa watu, wakamsubiri mwanamke mmoja afe kwa kifungua kinywa. Malimi alichoka, akaketi chini karibu na tairi lake. Kabula aliegemea mchi, akawa anamwuliza jirani yake bei ya dagaa wa Kirumba. Jua lilipanda. Bernadetta alikaa wima. Kila pumzi ilimchoma toka kitovuni hadi mgongoni, na chapati nane zilikuwa zinapanda kooni moja baada ya nyingine, akizirudisha. Akitapika, Teodora anachomwa. Akianguka, Teodora anachomwa. Akiugua tu, wamepata wanachotaka. Nyuma yake alisikia mgongo wa mwenzake ukitetemeka, akauegemea ili utulie, au ili atulie yeye. Macho aliyaweka kwenye nyuso za watu. Alikwenda uso kwa uso, taratibu, mstari wa mbele, mstari wa pili, na alipofika mwisho akaanza upya.

Ilipita saa nzima, labda na zaidi. Mmoja akakumbuka duka lake halijafunguliwa. Wawili wakasema kuna msiba Kishiri. Antoni alipofika na askari, akihema, kumbe ndiye aliyekimbilia kituoni, pale uani walikuwa wamebaki kama kumi, na Malimi alikuwa analivua tairi kichwani mwa Teodora taratibu, akisema samahani mama, samahani, kwa kuwa lilimkwama sikioni. Alilibeba akaondoka nalo. Ngosha ndiye aliyekamatwa, maana hakukimbia.

Lango lilipobaki na askari tu, Bernadetta aligeukia ukuta akatapika kila kitu, kisha akatapika nyongo, kisha maji meusi yenye harufu ya choo, akaanguka juu ya matapishi yake.

Waliwapakia kwenye bajaji moja, mmoja ana mkono uliovunjika, mwingine anapiga kelele kila shimo la barabara. Hospitali walimkimbiza Bernadetta moja kwa moja chumba cha upasuaji. Daktari mgeni akamwinamia. "Mama, tunakupasua sasa hivi. Niambie ukweli, leo umekula nini?"

"Chapati nane."

"Nane?"

Nice, aliyeitwa kumtambua mgonjwa wake, akashika kichwa. "Mama! Si tulikubaliana yai?"

"Yai nililimenya," Bernadetta akasema. "Halikulika."

Wakamtia mpira puani, wakavuta kilichobaki, wakamkata akiwa na kilo zake tisini na saba. Utumbo ulikuwa umejinyonga, kipande chake cha urefu wa shubiri kimekuwa cheusi. Wakakikata wakaunganisha. Siku mbili hakujua yuko wapi. Siku ya tatu alimjua Teodora, amelala kwenye mkeka chini ya kitanda, mkono na mguu kwenye plasta, uso mzima rangi ya zambarau. Wauguzi walisema alikataa kutazamwa mkono mpaka mwenzake atolewe chumba cha upasuaji, wakamwacha hapo na mfupa wake uliovunjika kwa saa tano.

"Unanuka," Bernadetta akamwambia.

"Na wewe hujajinusa."

Siku ya nne akaja askari na daftari. Alikuwa kijana mpole, mwenye haraka zake. Aliketi kwenye ukingo wa kitanda. "Mama, Ngosha tunaye. Hao wengine tutaandika wananchi wenye hasira kali, wasiojulikana. Weka dole gumba hapa."

"Wasiojulikana na nani?"

"Ndivyo tunavyoandika, mama. Kundi halina mtu."

"Kalamu nitaishika mwenyewe, nilisoma mpaka darasa la saba," Bernadetta akasema. "Lakini kwanza futa hilo."

Teodora akainua kichwa kutoka kwenye mkeka. "Dada, acha. Tutarudi kukaa nao palepale."

"Ndiyo maana."

Akamgeukia askari. "Andika Shija, fundi baiskeli, kibanda chake kiko mkabala na mashine ya kusaga. Tofali, mkono wa kulia, lilimpata mgongoni. Andika Malimi wa pancha, tairi. Andika Kabula, muuza dagaa, mchi, mguu huu hapa, mtazame. Kaka yake Kabula alivaa fulana ya kijani, alirusha mawe mawili, moja lilikosa. Aliyeshika petroli ni mkwe wa mwenye mashine, jina lake Lugata. Aliyeshika kiberiti alinyoa upara, anaitwa Ndaki, mama yake nilimsaidia kujifungua, na mtoto aliyetoka siku hiyo ndiye yeye."

Askari aliandika, mwanzoni kwa uvivu, kisha akainama akaanza kuuliza majina ya baba. Akageuza ukurasa. Walipofika kwa mtu wa kumi na tisa mshono ukaanza kumchoma Bernadetta, akaomba maji. Akanywa kijiko kimoja, kama alivyoruhusiwa, akaendelea na wale waliokuwa wamesimama upande wa choo.